Raha ya meli si ya watalii peke yao: sisi nasi tuandikwe majina



Juzi jioni, karibu na stesheni yetu, tulikuwa watu kama kumi na watano tumezunguka redio moja. Ikapita kipindi cha mashauri juu ya likizo ndani ya meli kubwa za watalii. Mtangazaji alishauri: chagua chumba cha katikati ili usiyumbe sana. Beba tangawizi kwa ajili ya kichefuchefu. Fika bandarini mapema. Usikose zoezi la usalama siku ya kwanza. Kula polepole, chakula ni kingi.

Watu wakacheka. Kijana mmoja akasema: "Muzime hiyo kitu! Hayo ni mambo ya wazungu. Sisi hata baiskeli ya kufika Kalemie hatuna." Mama mmoja mhami, aliyekimbia na watoto wake kwa boti usiku, yeye hakucheka. Aliuliza swali moja tu: "Huko wanawapa kila mtu jile?" Nikamjibu: ndiyo, mama, kila mtu, hata mtoto mchanga ana ya kipimo chake. Akanyamaza. Hata kijana akanyamaza.

Tangu jioni ile sijaacha kufikiri, na leo nasema wazi: tulikosea kucheka. Mashauri yale yanatuhusu sisi kuliko watalii. Mtalii akikosa kuyasikia, meli yenyewe itamlinda. Sisi tukikosa kuyasikia, tunakufa.

Tuone kwanza meli hizo zinafanya nini. Zinafika hata kwetu Afrika ya Mashariki, Mombasa na Zanzibar, zikiwa na watu maelfu. Mtu akiona picha anafikiri raha yake ni muziki, bwawa la kuogelea na nyama choma. Hapana. Raha inaanza kwa karani na daftari. Kabla meli haijaondoka, kila jina limeandikwa, kila mtu anajua mashua ya kuokolea ni ipi na amekwisha kuonyeshwa jinsi ya kufunga jile. Hapo ndipo muziki unapigwa. Mtu anayeogopa kufa hachezi.

Na msidhani kwamba wenye meli walizaliwa na moyo mwema. Walilazimishwa. Titanic ilipozama mwaka 1912, ilikuwa na watu zaidi ya 2,200, lakini mashua zake za kuokolea zilitosha watu 1,178 tu. Walikufa zaidi ya 1,500. Mwaka 1914 mataifa yakakaa na kuandika mkataba wa usalama wa maisha baharini. Mwaka 2012, mwezi wa kwanza, meli ya watalii Costa Concordia iligonga mwamba huko Italia ikiwa na watu zaidi ya 4,000. Walikufa 32. Kulikuwa na abiria waliopanda siku ileile ambao hawakuwa wamefanya zoezi la usalama, kwa sababu sheria ya wakati ule iliruhusu kungoja. Nahodha alihukumiwa kifungo cha miaka 16. Na tangu tarehe 1 Januari 2015, sheria ya dunia inasema: zoezi lifanyike kabla ya kuondoka au mara tu meli inapoondoka.

Watu 32, na sheria ya dunia nzima ikabadilika. Sasa tuhesabu wa kwetu.

Desemba 2014, meli Mutambala ilitoka Kalemie kuelekea Uvira. Ilikuwa imejaa kupita kiasi, upepo ukaipiga, ikapinduka. Walikufa zaidi ya watu mia moja. Wako watu hapa jimboni Tanganyika ambao mpaka leo wanamkumbuka ndugu aliyesafiri siku ile. Tarehe 3 Oktoba 2024, kwenye ziwa Kivu, boti Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu na soko la Kituku, Goma, watu wakiwa nchi kavu wanaitazama. Kwa nini watu wengi hivyo walipita majini? Kwa sababu vita vilikuwa vimefunga barabara. Na kwa jirani zetu Tanzania, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kilizama karibu na kisiwa cha Ukara. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228. Someni tena hesabu hiyo: waliokufa walikuwa zaidi ya mara mbili ya wale walioruhusiwa kupanda.

Kila mara, baada ya maiti kuzikwa, tunasikia maneno yaleyale. Safari za usiku zimekatazwa. Mwenye boti anatafutwa. Halafu mwezi unapita, na boti zinaondoka usiku tena.

Na sisi wenyewe tunasema: "Ni mapenzi ya Mungu." Ndugu zangu, mimi nasali kama ninyi. Lakini Mungu hakupakia mifuko ya mihogo juu ya watoto. Mtu alipakia. Mtu huyo alipokea pesa, na anajua alipokea ngapi.

Nitawaambia jambo nililoliona kwa macho yangu bandarini, na simtaji mwenye boti. Karani wake alikuwa na daftari. Aliandika magunia ya dagaa, mafuta ya mawese, simenti, magodoro, kila kitu na jina la mwenyewe. Nilipomuuliza watu ni wangapi, alitazama juu kidogo, akasema: "Wanatosha." Gunia likipotea, mwenyewe atakuja na karatasi kudai. Mtu akipotea bila kuandikwa, nani atadai? Ndiyo maana baada ya kila ajali hatujui idadi. Sababu ni kwamba hapakuwa na aliyetuhesabu tulipokuwa hai.

Wengine watanijibu: "Mwandishi, mkimbizi hachagui. Risasi ikilia, unapanda chochote." Ni kweli, na sitamlaumu kamwe mama aliyepanda boti iliyojaa kwa sababu nyuma yake nyumba inaungua. Lakini kukimbia ni usiku mmoja. Baada ya usiku ule kuna safari nyingi: kurudi kuangalia shamba, kwenda kuzika, kupeleka mtoto kwa bibi yake Moba, kufuata biashara Uvira au Kigoma. Hizo ni safari za watu waliolipa tiketi. Aliyelipa ana haki, hata akiwa analala chini ya turubai.

Wengine watasema: "Hayo ni ya nchi tajiri." Hapo ndipo ninapokataa kabisa. Daftari na kalamu ni bei gani? Kuchora mstari wa rangi ubavuni mwa boti, kwamba maji yakifika hapa hatupakii tena, kunahitaji kopo moja la rangi. Kungoja asubuhi hakuhitaji hata faranga moja. Jile ndiyo inayohitaji pesa, nakubali. Lakini mwenye boti aliyenunua injini mbili hawezi kuniambia kwamba jile zimemshinda.

Tena ziwa letu lenyewe linatufundisha kwamba meli haichagui kati ya mtalii na mkimbizi. Mnaijua Liemba, ile meli ya Kigoma ambayo jina lake linafanana na la kijiji chetu kama ndugu wa tumbo moja. Ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa masanduku, ikaunganishwa Kigoma na kuingia majini mwaka 1915. Mwaka huohuo reli yetu ya kutoka Kabalo ilifika ziwani, pale palipoitwa Albertville, leo Kalemie. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 ili isichukuliwe. Waingereza wakaitoa chini ya maji mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena. Kwa miaka mingi watalii walitoka mbali, wakalipia vyumba vyake vya daraja la kwanza, wakapiga picha milima na machweo. Meli hiyohiyo, mwaka 1997, ilirudisha maelfu ya wakimbizi wetu kutoka Kigoma hadi Uvira. Na Mei 2015 iliwabeba Warundi waliokwama ufukweni Kagunga, karibu 600 kwa kila safari. Chuma ni kilekile, sitaha ni ileile. Mtalii alikaa pale akiangalia jua linazama, na mkimbizi alikaa palepale akiangalia kwao kunapotea.

Nauliza: kwa nini yule wa pili asiruhusiwe kuona jua?

Kuna watoto hapa Niemba ambao ziwa Tanganyika kwao ni jina la hofu. Waliliona usiku mmoja tu, wamefunikwa kitenge, wameambiwa wasilie. Hawajui kwamba urefu wake ni kama kilomita 670, kwamba duniani kote ni Baikal peke yake linalolizidi kwa kina, kwamba maji yake yanatoka kwa Lukuga, yanapita bonde lilelile la reli yetu na kushuka hadi mto Kongo. Ziwa ni mali yao kabla ya kuwa ya mtalii yeyote. Kumnyima mtoto furaha ya ziwa lake ni kumfukuza mara ya pili.

Basi, kwa sababu tulicheka mashauri ya redio, nayarudia, lakini kwa boti zetu.

Kabla ya kulipa, simama pembeni utazame boti. Ikiwa maji yako karibu na ukingo kabla watu hawajamaliza kupanda, baki. Nauli haijatoka mfukoni, na kesho kuna boti nyingine.

Uliza jile kabla ya kutoa pesa. Ukishapewa, ivae. Watu wengi wanaifanya mto wa kulalia, na boti ikipinduka hakuna nafasi ya kutafuta kamba zake.

Andika majina. Karani asipoandika, andika wewe: majina ya familia yote, jina la boti, siku na saa ya kuondoka. Karatasi moja mwachie ndugu nchi kavu. Mtu mmoja anaweza kuandikia jirani kumi wasiojua kusoma.

Safiri mchana. Na kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa, wakati wa kiangazi, upepo wa kusini una nguvu. Sikiliza wavuvi. Mvuvi akivuta mtumbwi wake juu ya mchanga, usipande boti.

Usikae chini ya mizigo wala ndani ambako mlango ni mmoja. Watoto wakae karibu na mtu anayeweza kuogelea. Simu na karatasi za familia zifungwe ndani ya plastiki.

Kwa kichefuchefu, kaa katikati, tazama mbali pale mbingu inapokutana na maji, kula kitu kikavu kidogo, tafuna tangawizi. Usipande na tumbo tupu, wala usipande umeshiba bukari na sombe ya mafuta mengi. Beba maji ya kunywa na kitambaa cha kujifunika jua.

Na ukishafanya hayo yote, ndugu yangu, furahi. Mwonyeshe mtoto milima. Mwambie jina la kila kijiji kinachopita. Imbeni. Si dhambi kwa mhami kufurahi.

Namaliza kwa madai, maana mashauri kwa abiria peke yake ni nusu ya kazi. Tusije tukamlaumu aliyezama kwa kutokuogelea.

Kwa wakubwa wa bandari: boti isiondoke bila orodha ya majina yenye nakala moja inayobaki nchi kavu. Mnajua kuandika kodi. Mjue pia kuandika watu. Kwa wenye boti: jile kwa kila tiketi, au msiuze tiketi. Kwa mashirika yanayosaidia wahami: mnatupatia turubai, unga na sabuni, na tunashukuru. Ongezeni jile za watoto kwa familia zinazorudi kwao kupitia ziwani. Na kwetu sisi: siku mnahodha anapopakia kupita mstari, tusimwachie mama mmoja apige makelele peke yake huku wengine tunamwambia anyamaze kwa sababu tunachelewa. Tushuke wote. Boti tupu hailipi mafuta.

Yule mama aliuliza kama huko wanawapa kila mtu jile. Natamani siku moja aulize swali jingine, lile la watalii: "Ni upande gani nikae ili nione jua vizuri?"

Ni mimi mwandishi wenu wa Niemba. Aliye na jambo la kuongeza, au la kunipinga, anajua pa kunipata: pale stesheni, jioni, karibu na redio.