Jiko la peleti lina kazi yake, na nyama choma haimo

Kila mwaka theluji ikiyeyuka hapa Minnesota, maduka makubwa hupanga majiko ya peleti mlangoni, na simu yangu haipumziki. Watanzania na Wakenya wenzangu wanauliza jambo lile lile: "Kaka, lile jiko la kubonyeza kitufe, ninunue?" Bei yake si ya mchezo, kwani mengi yanauzwa dola mia kadhaa na yaliyo imara zaidi hupita elfu moja. Nami huwauliza kwanza wanataka kula nini. Anayetaka nyama choma namshauri abaki na mkaa wake.

Nimeona watu wengi wakivunjika moyo. Jirani yangu mmoja, mzaliwa wa Arusha, aliweka mbavu za mbuzi kwenye jiko jipya akitegemea zitatoka kama za kwenye mkaa. Ziliiva, lakini zilikuwa na rangi ya kijivu, mafuta yamelegea pembeni, hazina ule ukavu wa nje unaolia ukiuma. Shangazi yake akaonja kipande, akasema, "Mwanangu, hii ni nyama ya oveni." Shangazi alisema kweli. Jiko hili ni oveni inayowaka kuni, na muuzaji alipaswa kumwambia mteja hivyo kabla ya kupokea pesa yake. Badala yake, matangazo yanaonyesha ndimi za moto zikilamba steki.

Ukilifungua utaona kwa nini. Pembeni kuna sanduku la kumimina peleti, yaani vumbi la mbao lililoshindiliwa kuwa vipande vyenye unene wa milimita 6 hivi. Chini yake parafujo ndefu inazunguka polepole, inavisukuma hadi kwenye bakuli dogo la chuma katikati ya jiko. Huko kijiti cha umeme kinaviwasha na feni inapuliza. Juu ya bakuli kuna bati pana, kwa hiyo nyama inapata joto na moshi, lakini kwa kawaida haionani na moto. Kuna kifaa kinachopima joto na kuamua parafujo ilishe peleti kiasi gani. Joe Traeger wa Mount Angel, Oregon, alilibuni miaka ya 1980 na kupewa hataza mwaka 1986. Muda wa hataza hiyo ulipokwisha mwaka 2006, kampuni nyingine zikaingia sokoni, ndiyo maana leo mnunuzi anababaika mbele ya safu nzima.

Utamu wake uko kwenye joto dogo, kwa sababu hapo ndipo moshi unakuwa mwingi. Weka nyuzi 225 za Fahrenheiti, ambazo ni kama 107 za Selsiasi, kisha uwe na subira. Kidari kizima cha ng'ombe kinaweza kukaa zaidi ya saa kumi. Joto la ndani ya nyama likifika nyuzi 70 hivi za Selsiasi litagoma kupanda, wakati mwingine kwa saa kadhaa, kwa sababu jasho la nyama linapokauka linaipoza. Jiko halijaharibika. Usilifungue kila mara kuchungulia. Kama wageni wako njiani, funga nyama kwa foili, itasonga mbele.

Mimi napenda zaidi bega la mbuzi. Nalilaza usiku kucha kwenye chumvi, tangawizi, kitunguu saumu na ndimu, asubuhi naliingiza jikoni, na alasiri mfupa unachomoka kwa mkono bila kisu. Nje linakuwa jeusi lenye wekundu. Chini ya gamba hilo kuna utepe wa waridi, na hapo wazee wetu husukuma sahani wakidhani nyama ni mbichi. Waelezeni kwa heshima kwamba rangi hiyo imeletwa na moshi, na muwe na kipimajoto mezani cha kuwaonyesha.

Siku ya kwanza usipike chochote. Liwashe tupu, liunguze mafuta ya kiwandani kama kijitabu chake kinavyoelekeza. Joto litapanda na kushuka kidogo kila baada ya dakika chache, na hiyo ni kawaida yake. Adui mkubwa ni maji. Peleti zikilowa hurudi kuwa unga, unga unagandamana kwenye parafujo, na shughuli yako ya Jumamosi imekwisha. Zihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko. Ukimaliza kupika, lizime kwa kitufe na uache feni ifanye kazi hadi isimame yenyewe. Usichomoe waya. Moto ukigoma kuwaka, usibonyeze tena na tena; lizime, likipoa toa peleti zilizolundikana bakulini, maana rundo hilo likishika moto kwa pamoja linaweza kurusha mfuniko. Majivu na mafuta yasafishwe mara kwa mara. Na baridi ikiwatesa, msilipeleke ndani ya gereji: hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu, na inaua.

Wapo wanaotaka kulipakia kwenye kontena liende Dar es Salaam au Mombasa, zawadi kwa wazazi. Nawasihi wasubiri. Jiko la Marekani limetengenezwa kwa umeme wa volti 120, na nyumbani ni 230 hivi. Bila transfoma litaungua siku hiyo hiyo. Umeme ukikatika, feni na parafujo vinasimama nyama ikiwa nusu. Na peleti zikiisha, mzee atanunua wapi? Vumbi la misonobari ya shamba la miti la Sao Hill, Tanzania, halifai, kwa kuwa utomvu wake unatoa moshi mchungu.

Nauli hiyo ya kontena mpeni fundi wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, awachomelee wazazi jiko la pipa. Liwe na kidirisha cha hewa chini, bomba la moshi juu, na kipimajoto kwenye mfuniko. Kuni za mwembe zilizokauka vizuri zitafanya kazi, na mzee atalisimamia mwenyewe hata siku umeme haupo.