Ndege haichelewi, kinachochelewa ni mzigo

WAHENGA walisema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Mkulima wa maua wa Arusha, waridi likinyauka kabla ya kufika sokoni Uholanzi, hulaumu umbali. Lakini akikaa chini na kalamu, ataona umbali wa angani hauna kosa kubwa.

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro (KIA) hadi Amsterdam ni takriban kilomita 6,900. Ndege kubwa huenda kilomita 850 hivi kwa saa. Gawanya, kisha ongeza nusu saa ya kupaa na kutua, unapata muda wa saa 8 na nusu. Kutoka Nairobi ni takriban kilomita 6,650. Tofauti hiyo ya kilomita 250 ndege huimaliza chini ya dakika 20.

Pamoja na hayo, mzigo mwingi wa Arusha umekuwa ukisafirishwa kwa lori hadi Nairobi, kwa kuwa huko ndege za mizigo ni nyingi. Njia hiyo ya Namanga ni kilomita 270 hivi, na lori hutumia saa 5 au zaidi, mbali na muda wa mpakani. Kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa Namanga mwaka 2018 kilikusudiwa kupunguza kero za ukaguzi, lakini barabara haikufupika. Kwa maneno mengine, kilomita 270 za lori zinakula zaidi ya nusu ya muda ambao ndege inautumia kwa kilomita 6,650.

Waridi linahitaji ubaridi wa nyuzi 2 hadi 5 mara baada ya kukatwa. Saa 3 za joto shambani haziwezi kufidiwa na ndege yoyote, hata iwe na kasi gani. Ni vyema basi wakulima waulize kwanza saa ya ndege kuondoka, kisha wahesabu kurudi nyuma hadi saa ya kuvuna. Wakate alfajiri, waweke kivulini, na wale wadogo waungane kujenga chumba kimoja cha ubaridi.

Serikali nayo ina sehemu yake. Mwaka 2023 Tanzania ilipokea ndege ya mizigo yenye uwezo wa kubeba tani 54. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya ukalizuia shirika la Air Tanzania kuruka katika anga lake kwa sababu za usalama, na Juni 2025 zuio likapanuliwa kwa mashirika yote yaliyosajiliwa nchini. Ndege isiyoruhusiwa kufika sokoni haimsaidii mkulima wa soko hilo.

Mamlaka zinazohusika hazina budi kumaliza dosari hizo, na kuyavutia mashirika ya nje kuleta ndege za mizigo KIA. Mkulima hawezi kuisogeza Amsterdam karibu. Uwanja wa ndege anao tayari jirani, kinachotakiwa ni utumike.