Watoto Katika Soko la Simu

Mkazi wa Thongpiny anayetaka kuuza kitanda kilichokwisha tumika hana haja tena ya kukipakia garini hadi Konyo Konyo. Hukipiga picha, akaiweka picha hiyo katika kundi la wauzaji la Facebook, na wanunuzi wakamfuata nyumbani. Ni nafuu kubwa, hasa kwa familia ya askari aliyepewa uhamisho wa ghafla. Lakini sokoni watu huonana uso kwa uso. Katika simu, muuzaji na mnunuzi waweza kujificha nyuma ya majina ya uongo.

Hatari ya soko hilo ilidhihirika humu nchini mwaka 2018. Tarehe 25 Oktoba liliwekwa katika Facebook tangazo kuhusu mnada wa binti aliyeripotiwa kuwa na umri wa miaka 16 au 17, ambaye wanaume kadhaa walikuwa wakishindana kumwoa. Mahari iliyoripotiwa ni ng'ombe 500, magari 3 na dola 10,000. Binti akaozwa kufikia tarehe 3 Novemba. Tangazo liliondolewa tarehe 9 Novemba; kampuni ilieleza kwamba ndipo ilipopata habari zake. Siku 15 zilikuwa zimepita, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2008, inayomlinda kila aliye chini ya miaka 18 dhidi ya ndoa ya mapema, ilikuwapo muda wote huo.

Yafaa wazazi wafahamu jinsi ulinzi wa masoko hayo unavyofanya kazi. Mitambo huchuja picha na maneno inayoyatambua, na wakaguzi hutazama yaliyolalamikiwa. Mkaguzi aliye ng'ambo, asiyejua Kidinka wala Kiarabu cha Juba, atapitwa na mengi ambayo jirani wa Thongpiny angeyaelewa mara moja. Asipolalamika jirani, nani atalalamika?

Nyumbani nako kuna ya kurekebisha. Mama anayeuza nguo za mtoto aipige picha nguo, si mtoto aliyeivaa, wala sare ya shule isionekane. Mtoto asitumwe peke yake kupeleka bidhaa kwa mnunuzi asiyejulikana. Simu kuukuu isiuzwe kabla picha na akaunti zote hazijafutwa.

Askari polisi akiona tangazo linalomhusu mtoto, hata akiwa likizoni, aandike jina la akaunti, tarehe na saa kabla halijafutwa, alilalamikie papo hapo, kisha apeleke taarifa kituoni siku hiyo hiyo.