MEZA YA KARANI: Ng'ombe Aliyebaki Nje ya Boma



Alhamisi moja, baada ya Misa ya asubuhi, mzee mmoja wa upande wa Hanang aliingia ofisini kwetu. Alikuwa ametoka kwake kabla ya mapambazuko. Nilimkaribisha kiti, hakuketi. Alitoa karatasi iliyokunjwa ndani ya kitabu cha sala, akaiweka juu ya meza, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Mwalimu, naomba unijulishe. Binti yangu aliolewa lini, na nani?"

Niliifungua ile karatasi. Kilikuwa cheti cha ubatizo ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nimekiandika siku ya Jumatatu. Jina la binti lilikuwa sawa. Majina ya wazazi na ya msimamizi yalikuwa sawa. Tarehe ya kipaimara ilikuwa sawa. Lakini chini kabisa palisomeka hivi: "Amefunga Ndoa Takatifu."

Binti yule hajaolewa. Alikitaka cheti kwa sababu ndiyo kwanza anataka kuolewa, na kijana mmoja wa upande wa Dongobesh. Baba Paroko wa kule alipokisoma cheti, alisimamisha matangazo ya ndoa, na alifanya vema. Mzee akaniambia: "Mwalimu, wakwe wameanza kunong'ona. Wanauliza kama mahari yao wameipeleka kwa mke wa mtu."

Mwili wangu ulipoa. Kosa halikuwa la Padre wala la binti. Lilikuwa langu, nalo lilitokea kwenye kompyuta, katika kazi ya dakika moja. Nataka kukueleza jinsi lilivyotokea. Huenda mwanao anajifunza kompyuta chuoni Babati au Arusha. Na kama huna mtoto huko, siku moja utahitaji cheti.

Kwanza tukumbuke vitabu vyetu vimetoka wapi. Mwaka 1563 Mtaguso wa Trento uliagiza kila paroko awe na kitabu cha kuandikia ndoa. Mwaka 1614, wakati wa Papa Paulo V, ilitolewa Rituale Romanum, kitabu cha ibada za Kanisa. Ndani yake mlikuwamo pia maneno ya kufuatwa katika kuandika ubatizo, ndoa na kifo. Maneno yote yalikuwa yamekwisha pangwa, na mahali pa jina paliwekwa herufi moja tu, N., yaani jina la mhusika. Paroko aliyafuata maneno yale, akaweka jina la mtoto mahali pa N. Basi, hicho ndicho kiolezo. Ni kama kalibu ya matofali: umbo ni lile lile siku zote, lakini udongo unautia wewe.

Nayo Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 535, yaagiza kwamba katika kitabu cha ubatizo ziandikwe pia habari za kipaimara na za ndoa, na kwamba habari hizo zionekane kila mara katika cheti cha ubatizo. Ndiyo maana anayetaka kufunga ndoa huombwa cheti kipya. Cheti kile chasema kama mtu yu huru au hayuko huru. Si karatasi ya kupamba ukuta.

Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakaangukia Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Mungu awapumzishe kwa amani. Nyumba iliposombwa, karatasi zilizokuwa sandukuni zilikwenda nayo. Tangu siku zile nimeona jinsi ilivyo hatari kuwa na kitabu kimoja tu, mahali pamoja tu. Basi majina ya kitabu chetu kikubwa nimeyanakili katika kompyuta, na kompyuta hunitolea vyeti. Kitabu chenyewe hakikuondoka kabatini, nacho ndicho chenye neno la mwisho.

Sasa sikiliza kazi yenyewe. Kompyuta haina akili ya kujua nani ameoa na nani hajaoa. Hufuata maagizo niliyoyaandika, mstari kwa mstari, toka juu hata chini. Ukiiambia "andika jina," itaandika jina. Ukiiambia "andika Amefunga Ndoa Takatifu," itaandika hivyo kwa kila mtu, hata kwa mtoto mchanga, isipokuwa umeiwekea sharti. Sharti lenyewe lina mwanzo na mwisho. Mwanzo husema: "Ikiwa mtu huyu ana ndoa." Mwisho husema: "Sharti limekwisha." Mistari iliyo katikati ndiyo inayotii sharti. Iliyo nje haiko chini yake.

Wewe uliyechunga ng'ombe utaelewa upesi. Sharti ni boma la miiba. Ng'ombe walio ndani wanalindwa. Aliyebaki nje ni wa fisi, hata akisimama karibu na mlango.

Zamani nilipoandika sharti, niliandika mwanzo kwa mkono, nikateremka chini ya mistari, nikaandika na mwisho. Mara nyingi nilisahau mwisho, kama mchungaji anayesahau kuziba mlango. Kisha nikajifunza njia nyingine. Programu ya kuandikia maagizo yaweza kuongezewa violezo vya kuzungushia. Unaichagua mistari unayoitaka, nayo inageuka rangi ili uione. Unabonyeza kitufe, na mistari inatoweka. Mara ya kwanza nilishtuka nikidhani nimeipoteza! Lakini kompyuta imeishika tu. Unaandika neno fupi la kuita kiolezo, kama vile "ikiwa," unabonyeza tena, na mistari yako inarudi: juu yake pana mwanzo, chini yake pana mwisho, nayo imesogezwa ndani kidogo ili jicho lione kwamba imo bomani. Mlango hausahauliki tena, maana mwanzo na mwisho huja pamoja kama mapacha.

Kwa njia hiyo hiyo unaweza kuizungushia mistari agizo la kurudia kazi, yaani "kwa kila Mkristo aliye katika orodha, fanya haya." Unaweza pia kulizungushia neno moja mabano au alama za kunukuu. Ni kazi njema, inaokoa muda, nami naisifu mpaka leo.

Basi nilikosea wapi? Mistari ya ndoa katika maagizo yangu ilikuwa minne: jina la mwenzi, tarehe ya ndoa, parokia ya ndoa, na ule wa "Amefunga Ndoa Takatifu." Jumamosi jioni, taa ikiwa hafifu, nilichagua mistari mitatu badala ya minne. Nikaita kiolezo. Boma likajengwa vizuri, mlango ukafungwa vizuri, na mstari wa nne ukabaki nje. Jumatatu wasioolewa wote walioomba vyeti waliandikiwa kwamba wamefunga ndoa. Vyeti vilikuwa tisa. Padre alikuwa na safari ya vigango, akatia sahihi upesi kwa kuniamini. Nami nilipiga mhuri bila kusoma hata chini.

Hapa ndipo penye fundisho lenyewe, nawe ulishike. Nilipokuwa nikisahau mwisho wa sharti, kompyuta ilikataa kazi. Iliniandikia kwamba kuna kosa katika mstari fulani, wala haikutoa cheti hata kimoja. Nilikasirika, lakini hakuna aliyeumia. Safari hii haikusema neno. Kwa kompyuta hapakuwa na kosa lolote: mwanzo upo, mwisho upo, kila kitu kiko sawa. Haikujua kwamba mstari wa nne ulikuwa wa ndani. Aliyejua hilo ni mimi peke yangu. Kiolezo huliondoa kosa lenye kelele, lakini hakiliondoi kosa la kimya. Tena hulificha, kwa sababu kazi iliyopangika vizuri hututia usingizi.

Nisidhaniwe kwamba naichukia programu yangu. Yaitwa Vim, na habari zake zafaa kujulikana katika nyumba za Wakristo. Ilitolewa mwaka 1991 na Mholanzi mmoja, Bram Moolenaar. Mwaka 1994 alikwenda kujitolea Kibaale, wilaya ya Rakai, kusini mwa Uganda, si mbali na mpaka wetu. Huko alishughulikia maji na usafi katika kituo cha watoto, mahali ambapo UKIMWI ulikuwa umeacha mayatima wengi. Aliporudi kwao hakuwasahau. Programu yake aliitoa bila malipo, lakini aliomba kila anayefaidika nayo awasaidie watoto wale, na kwa miaka mingi ombi hilo lilionekana mtu alipoifungua tu. Alifariki tarehe 3 Agosti 2023. Mimi nilikuwa nimeliona ombi lile mara nyingi nikalipita. Baada ya jambo la binti yule nililisoma tena polepole. Yule bwana alishughulika na herufi na alama mchana kutwa, lakini hakusahau kwamba upande wa pili wa kompyuta kuna watu. Mimi nilikuwa nimesahau.

Tulimaliza vipi? Nilikifungua kitabu kikubwa mbele ya mzee. Nilimwonyesha mstari wa binti yake na nafasi ya ndoa iliyo pembeni: ni tupu, haijaguswa na kalamu. Mzee aliitazama muda mrefu, kisha ndipo akaketi. Baba Paroko aliandika barua, nami nikaandika cheti kingine kwa mkono. Sikumtuma mzee. Nilipanda basi pamoja naye, nikamwona Padre wa kule, kisha nikaenda nyumbani kwa wakwe. Nilisimama nikasema: "Wazee wangu, binti ni huru. Mkono wangu ndio uliokosa." Ilikuwa vigumu kusema. Lakini aliyechafua jina la mtu hadharani hawezi kulisafisha kwa siri. Mama wa kijana alinyamaza kidogo, kisha akaniletea uji. Matangazo yakaendelea Dominika iliyofuata. Vyeti vingine vinane nilivifuata kimoja kimoja, kijiji kwa kijiji, nikavibadilisha.

Kwa kijana anayejifunza kazi hii nina maneno matatu. La kwanza, kabla ya kuita kiolezo, hesabu mistari uliyoichagua. Sema kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne. Mchungaji huhesabu ng'ombe jioni, ijapokuwa anawajua kwa majina. La pili, kiolezo kikiisha kuzungusha, tazama mstari ulio chini tu ya mwisho, ujiulize: huyu mbona yuko nje? La tatu, jaribu maagizo yako kwa watu wawili: mmoja mwenye ndoa na mmoja asiye na ndoa. Ukimjaribu mwenye ndoa peke yake, kosa kama langu hutaliona kamwe, maana cheti chake kitatoka sawa kabisa. Sharti hupimwa kwa yule lisiyemhusu.

Na kwako, baba au mama, nina neno moja. Usiondoke ofisini na cheti usichokisoma. Msomee karani kwa sauti: jina, siku ya kuzaliwa, siku ya ubatizo, wazazi, msimamizi, kipaimara, ndoa, sahihi, mhuri. Usione haya wala usidhani unamvunjia heshima. Kama macho hayaoni vizuri, njoo na mtoto wa shule akusomee. Cheti hicho huenda kikapelekwa mbali, kwa ndoa, au kwa kuandikisha kuzaliwa kwa mtu aliyechelewa kuandikishwa, na kosa dogo la hapa huwa safari ya siku mbili huko mbele. Siku hizi mimi mwenyewe simpi mtu cheti mpaka amenisomea.

Wiki iliyopita mzee yule alipita tena ofisini. Safari hii aliketi bila kukaribishwa. Alikuja kuomba tarehe ya kubatiza mjukuu. Nilipomaliza kuandika aliniambia: "Mwalimu, hesabu mistari." Tukacheka wote wawili, kisha nikaihesabu.

Kwaherini hadi juma lijalo.

Karani wa Parokia