Gitaa la Jana, Wimbo wa Leo



Mwezi uliopita kijana mmoja hapa Rau alikuja kwenye mazoezi ya kwaya yetu akiwa na gitaa. Wote tunamfahamu. Kwa miaka kadhaa amepiga muziki katika baa za mjini Moshi. Aliomba atusaidie kurekodi nyimbo za Injili. Mama mmoja akaninong'oneza, "Huko baa wamemchoka, sasa anatafuta riziki huku." Nami nikacheka. Kijana aliona. Akaaga kwa heshima, akaondoka.

Usiku ule sikupata usingizi. Nilimkumbuka marehemu Remmy Ongala.

Alizaliwa Kindu, mashariki ya Kongo, mwaka 1947. Mwaka 1978 alikuja Dar es Salaam kupiga muziki na Orchestra Makassy, kisha akavuma na Super Matimila. Watu walimwita "Dokta". Aliimba juu ya wanyonge na juu ya kifo, hata akaalikwa Uingereza kurekodi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alitoa wimbo wa "Mambo kwa Soksi", akihimiza watu wajikinge na UKIMWI kwa kondomu. Radio Tanzania haikuupiga. Nyumbani kwetu mama alikataza kanda hiyo isiingie ndani, nami mtoto nikaamini kuwa ni wimbo wa aibu. Baadaye nikawa muuguzi. Nilipowahudumia wagonjwa wa UKIMWI na kuwaona watoto wanaobaki yatima, nilielewa kwamba yule mwanamuziki wa dansi alilisema mapema jambo ambalo wengi wetu tuliogopa kulitaja.

Katika miaka yake ya mwisho, akiwa anaugua, Remmy aliokoka, akaacha dansi na kuimba nyimbo za Injili. Alifariki tarehe 13 Desemba 2010. Ni rahisi kuuliza kama ilikuwa toba ya kweli au hofu ya ugonjwa. Mimi nimekaa kando ya vitanda vingi, na sijaona maabara inayopima moyo wa mtu. Tena, aliyewahurumia maskini akiwa kwenye dansi hakuanza kuwa na huruma siku alipookoka.

Mama mwenzangu, mwanao au jirani yako akibadili njia, msikilize kwanza. Usimkumbushe ya jana kila mnapokutana. Mpe kazi ya kufanya, na umpe muda. Ukiwa na shaka, muulize mwenyewe, usiwaulize majirani.

Jumamosi nilikwenda kwao kuomba radhi. Alinipa shikamoo, akanipa kiti, akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Nimekusamehe, mama, lakini kurudi kwaya nitafikiri kwanza." Sikumlaumu. Kicheko changu kilichukua muda mfupi, ila kukifuta kutachukua muda mrefu.

Je, kwenu angepokelewaje?

Tukutane toleo lijalo, Mungu akipenda.