Juisi baridi, vifaa rahisi: tusiuziane sumu kwa jina la kujitafutia

Kaskazi ikikaza, biashara ya vinywaji baridi hapa Mombasa haihitaji tangazo. Kutoka Mwembe Tayari hadi Kongowea, kutoka Likoni hadi Mtwapa, muuza ukwaju, miwa na mabuyu hana haja ya kumwita mtu. Ukija mwezi wa Ramadhani, foleni huanza baada ya alasiri. Ni kazi ya halali inayolisha nyumba nyingi, na kwa vijana waliokosa ajira bandarini na hotelini, mara nyingi ndiyo iliyobaki.

Lakini baridi ile inatoka wapi? Kwa wengi ni pande la barafu lililovunjwa kwa nyundo na kutumbukizwa moja kwa moja ndani ya ndoo ya juisi. Mara nyingine ni barafu ileile ya kuhifadhia samaki. Mji wetu una shida ya maji ya miaka na miaka, na visima vingi vina chumvi au viko karibu na vyoo. Barafu haiui vijidudu; huvilaza tu mpaka iyeyuke. Kipindupindu kimeshabisha hodi Pwani mara kadhaa, kwa hiyo hili si jambo la kubahatisha.

Dawa yake ipo, wala si mashine ya ajabu. Marekani, watu wanaotengeneza bia majumbani huchukua sanduku la barafu, wakazungusha ndani yake mrija mrefu wa chuma, na kinywaji kikapita ndani ya mrija huo na kutoka bombani kikiwa baridi. Sisi hatuna haja na bia yao, wala mtungi wao wa gesi. Ndoo ikiwekwa juu ya sanduku, ukwaju uliochujwa vizuri utateremka wenyewe. Faida kubwa ni kwamba barafu haigusi kinywaji.

Hesabu yake pia inawezekana. Kupoza lita 20 kutoka nyuzi 30 hadi nyuzi 4 kunataka takriban kilo 6 na nusu za barafu, bila kuhesabu joto linalopenya kwenye sanduku. Ndiyo maana sanduku ni muhimu kuliko bomba la kupendeza. Mwili wa friji lililokufa, ukisafishwa, hushika baridi vizuri kwa sababu kuta zake zina sponji nene. Na barafu itiwe maji kidogo, kwani vipande vikavu huacha nafasi za hewa na mrija haupoi sawasawa.

Tatizo huanza mfuko unapokuwa mwepesi. Mrija wa stenlesi, ile isiyoshika kutu, ni ghali. Mrija wa shaba uliofunguliwa kwenye friji au kiyoyozi kibovu hupatikana kwa mafungu, tena unakunjika kwa urahisi na unapitisha joto vizuri zaidi. Fundi atakwambia ni uleule. Si uleule. Ukwaju, ndimu na pasheni vina asidi, na asidi hula shaba. Juisi iliyolala ndani ya mrija huo hubeba shaba hadi kwenye gilasi, na mnywaji hupata kichefuchefu, kutapika na tumbo la kukata. Juu ya hayo, mrija wa friji una mabaki ya mafuta ya mashine, na viungo vya zamani huenda vimechomelewa kwa risasi.

Madumu nayo yana hadithi yake. Mengi yaliwahi kubeba kemikali kabla ya kuuzwa mitaani. Ile namba ndani ya pembetatu chini ya dumu husema ni plastiki ya aina gani. Haisemi lilibeba nini.

Kuna na upande wa sheria. Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu baada ya milingoti ya umeme kuhujumiwa. Marufuku iliondolewa baadaye mwaka huohuo, lakini Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 bado inamtaka mfanyabiashara awe na leseni. Kijana anayenunua shaba bila risiti anaweza kujikuta akijibu maswali kuhusu nyaya asizozijua.

Je, tumlaumu yeye? Si haki. Akinunua stenlesi dukani hulipa ushuru wa VAT wa asilimia 16. Hoteli iliyosajiliwa huukata ushuru huo kwenye hesabu zake. Muuza juisi wa mkokoteni hana pa kuukata. Mdogo analipa zaidi kwa kifaa kilekile, kisha askari wa kaunti wanakuja kubeba ndoo yake kwa kukosa usafi.

Katiba ya 2010 imezipa kaunti mambo mawili yanayokutana hapa: kutoa leseni kwa wanaouzia umma chakula, na vyuo vya ufundi vya vijijini. Basi idara ya afya na vyuo hivyo viketi pamoja. Chuo kikinunua mirija ya stenlesi kwa jumla, wanafunzi wakaikunja na kuichomelea kama sehemu ya mafunzo, bei itashuka na kazi itafanywa kwa kipimo kimoja. Leseni nayo ije na orodha fupi ya vifaa vinavyokubalika, kwa Kiswahili, kabla ya faini.

Wauzaji wenyewe wasisubiri. Wanne watano wakichanga, roli moja ya mrija inagawika. Kila jioni mrija upitishwe maji ya moto, kwa sababu hauingiliki kwa brashi. Na juisi nzito, kama ya embe au parachichi, isipitishwe humo kabisa. Iwekwe kwenye chupa zilizofungwa ndani ya barafu, basi.

Sisi wanunuzi tuna swali moja la kuuliza kabla ya kutoa shilingi: barafu yako iko ndani ya juisi, au nje? Wateja kumi wakiuliza hivyo kwa siku, muuzaji atabadilika upesi kuliko akisubiri askari wa kaunti.