Begi la Kulalia la Bei Poa? Wacheni Kudanganyana

Walalo, Garissa joto la 35 ni kawaida, ndiyo maana ukiuziwa begi la kulalia la manyoya ya bata kwa bei ya kutupa unadhani umemaliza. Mimi nilipanda Mlima Kenya na langu. Shipton's, mita 4,200, maji ya chupa yakaganda, nikatetemeka mpaka asubuhi. Lebo ilisema sifuri! Kumbe ile namba kubwa ni ya kutokufa, si ya kulala. Tena manyoya yakilowa yanashikana, joto kwisha. Na ukiyalalia yanabanwa, baridi ya ardhi inakuingia mgongoni, so bila mkeka wa sponji unajidanganya tu.

Kando ya Tana sawa, huku hata shuka inatosha. Mlimani kodisha la maana pale Nanyuki. Na wewe wa "vumilia tu", kalale Shipton's na lako kwanza, ndio tuongee.